Nondo wa Kijani na Mwasha Taa wa Voi

Jina lake nalijua, tena nalijua pamoja na la babake na la babu yake, lakini sitalitaja. Sababu ninayo, na nitaisema mwisho. Hapa Voi watu wote walimwita Mwasha Taa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya stesheni tangu siku za mwanzo za reli. Alikuwa jirani yangu. Mlango wake na wangu ulitazamana, na katikati palikuwa na mng'ongo mmoja mkubwa uliotutilia kivuli sote wawili, ila miezi ile ambayo haukuwa na hata jani moja, na nitaeleza kwa nini.

Mimi nilikuja Voi kutoka Mombasa nikiwa nimeolewa. Mume akafa kwa homa, nikakaa eda, nikaimaliza, nikabaki. Nilipika mahamri na mbaazi za nazi nikawauzia watu wa reli. Moyoni nilikuwa na nia moja, na naisema bila haya kwa sababu nimeshazeeka: nilitaka Mwasha Taa anipose. Yeye naye alikuwa amefiwa na mkewe zamani, hana mtoto, hana deni, hana ugomvi na mtu. Kilichobaki ni yeye kunyanyuka kutoka kwenye kigoda chake na kuvuka uwanja, na huko kunyanyuka ndiko kulikomshinda miaka na miaka.

Kaka yangu huko Mombasa alikuwa na nia yake pia. Kila treni iliyopanda ilileta salamu zake kupitia kwa mtu fulani: rudi nyumbani, mwanamke hakai peke yake bara. Alikuwa amenitafutia mume, muuza kamba za makumbi ya nazi mwenye wake wawili wasiosemezana, na alitumaini mimi nitawapatanisha. Nilikuwa nikijibu kwamba nitarudi mvua zikipita. Voi mvua ni chache, lakini mimi nilizifanya zisipite.

Sasa nimweleze mtu mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo ndefu, na alinukia mafuta ya taa hata siku ya Idi. Ukimkumbatia kumpa mkono wa sikukuu ungedhani umekumbatia pipa la mafuta hayo. Jioni alizunguka stesheni akijaza taa, akikata tambi, akipangusa chemni, vile vioo vya taa, kwa kitambaa ambacho hakuruhusu mtu mwingine akiguse. Alfajiri alizunguka tena akizizima. Nyumbani kwake lakini palikuwa giza totoro. Alisema ameshaona taa za kutosha kazini. Kwa hiyo mtu aliyeiangazia Voi nzima alikuwa akijikwaa kwenye ndoo yake mwenyewe, nami nikimsikia kutoka kwangu akiitukana ile ndoo kwa adabu.

Alikuwa na neno moja aliloponyea kila jambo: "Kaa kwanza." Mbuzi wako amepotea? Kaa kwanza. Mke amekasirika amekwenda kwao? Kaa kwanza. Wakati wa vita vya Mjerumani, Voi ilipojaa askari na nyumbu na reli ya Taveta ikawa inajengwa kwa haraka, askari mmoja alikuja mbio anahema, anasema Wajerumani wako Salaita na kesho watatufikia. Watu wakaanza kufunga mizigo. Mwasha Taa akamsogezea kigoda, akamwambia, "Kaa kwanza." Yule akakaa, nikampa chai, akala mahamri yangu mengi, na Wajerumani hawakufika. Tangu hapo Mwasha Taa aliamini kwamba ni yeye aliyewazuia.

Simba hakuwaogopa. Walipita nyuma ya stesheni na yeye akiendelea kukata tambi. Kinyonga ndiye aliyemkimbiza. Nilimwambia mara nyingi kwamba anaogopa ndugu yake, maana wote wawili mwendo wao ni mmoja, akanijibu kwamba ndiyo sababu anamjua vizuri.

Adui wake mkubwa walikuwa wadudu. Mvua ikinyesha huku nyikani, ardhi hutoa kila kitu chenye mabawa, na vyote hivyo vilikwenda kwenye taa zake. Kumbikumbi waliziba chemni, nondo wadogo wa rangi ya vumbi walijichoma kwenye moto wakaacha harufu. Chini ya kila taa palikuwa na chura mnene anayengoja, na juu popo wakipita kama mawe yaliyorushwa. Treni ya Mombasa ilipofika jioni, abiria Wazungu walishuka kula kwenye nyumba ya chakula ya stesheni, na wadudu walishuka pamoja nao mpaka kwenye supu. Mpishi alimlaumu Mwasha Taa, na Mwasha Taa aliilaumu supu. Alikuwa akifagia wadudu kwa ufagio mkubwa akiwasema kila jina baya, kisha anawamwagia kuku wangu, ndiyo maana mayai yangu yalisifiwa mpaka Maktau.

Ila nondo wa namna moja hakumgusa. Huyo akitua, ufagio ulisimama.

Kama hujamwona nondo huyu, sijui nikufananishie na nini. Ni mkubwa, kiganja hakimtoshi. Rangi yake ni kijani kilichoingia manjano, kama ndimu inayoanza kuiva. Ukingo wa mbele wa mabawa ni wa zambarau iliyofifia, na kila bawa lina jicho lake, duara la hudhurungi na njano linalokutazama bila kupepesa. Mwili una manyoya meupe, kichwani ana vipapasio vyenye meno mengi kama kitana. Halafu kuna mikia, miwili, mirefu kupita mwili wenyewe, iliyojipinda kidogo, inayomfuata nyuma kama mtandio wa bibi harusi aliyechelewa. Vilimani kwenye baridi, Wundanyi na kwingineko, watu waliniambia hawamjui. Ni wa huku chini kwenye joto, penye miti ya mng'ongo.

Mwasha Taa alimpa heshima ya mgeni. Mara ya kwanza alimtilia asali kwenye kisosi. Hakula. Akamtilia chai yangu yenye sukari. Hakunywa. Akamkagua kwa karibu akakuta hana mdomo, hana kabisa, pale mdomo unapokaa ni patupu. Mtu mwingine angeshangaa tu. Yeye alitoka akatangaza kwamba nondo huyu amefunga maisha yake yote, na mwezi wa Ramadhani ulipofika akawa anamtolea mfano kwa vijana waliokula mchana kwa kificho. Mwenyewe magharibi ilipoadhiniwa alikula mahamri yangu kama mtu aliyetoka safari ya Kasigau kwa miguu.

Ugomvi wetu ulianzia hapo kwenye mng'ongo. Nondo mkubwa hana mdomo, lakini mtoto wake anao wa kuwatosha wote wawili. Mvua zikianza, viwavi walitokea kwenye ule mti, wa kijani, wanene kama kidole gumba, wenye nundu na miba ya nyama mgongoni, na walikula majani mchana na usiku. Ukinyamaza uliwasikia wakitafuna. Kivuli changu kikaliwa chote, mimi na karai langu tukabaki juani, na mavi yao, punje nyeusi ngumu, yakawa yanaanguka kwenye unga.

"Jirani," nikamwita, "wageni wako wananinyea kwenye mahamri."

"Kaa kwanza," akasema. "Punje ngapi?"

"Hata moja ni nyingi."

"Basi ichague moja hiyo uitoe."

Nilichukua ufito mrefu niwapige waanguke. Akaja akasimama kati yangu na mng'ongo, mikono ameinyoosha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akivuka nusu ya uwanja. Nilifurahi, lakini alivuka kwa ajili ya viwavi.

Haki yake nimpe. Mng'ongo haukufa. Ukishaliwa ulikaa uchi kidogo, kisha ukatoa majani mapya laini kuliko ya kwanza. Ndege walikuja kutoka sijui wapi kuokota viwavi, mpaka kina kanga wa mwituni, ambao hawakuwa na desturi ya kukaribia watu, wakawa wanaparura chini ya mti. Na mchicha wangu haukupata kuota popote katika ardhi ile nyekundu ya Voi ila pale zilipoanguka zile punje. Niliuchuma na kuupika na kumpelekea bakuli, na sikumwambia umeota wapi.

Viwavi waliosalimika walijifungia kwenye vifuko vya rangi ya fedha, vigumu, vyenye vitundu vidogo vingi kama kichungio cha chai. Mvua iliingia ikatoka. Mwasha Taa alikitwaa kimoja kilichoanguka na tawi lake, akakitundika barazani akakingojea mvua hadi mvua. Siku ya kufunguka aliniita mimi, akamwita mama wa ndizi, akavaa kofia yake nzuri ya viua, ile iliyodariziwa vitundu vitundu. Kifuko kikatoboka, wakatoka nyigu wadogo weusi, kundi zima, wakaruka zao. Walikuwa wamemla mwenye nyumba kutoka ndani. Mwasha Taa akaivua kofia akairudisha msumarini.

Huyo mama wa ndizi alikuwa mwanamke wa Sagalla aliyeshuka kila siku ya soko na mkungu kichwani, Mkristo, sauti kubwa, na rafiki yangu pekee aliyejua nia yangu. Aliniuliza kila juma, "Yule ameamka?" Nami nikajibu, "Bado amekaa."

Kwa nini alikaa, nilijua alfajiri moja alipotoka kuzima taa. Aliniita nikaenda na unga mikononi. Ukutani kwake alikuwa ametua nondo wa kijani mmoja mnene, ametulia, mabawa yametandazwa. Kando yake walikuwapo wengine, wembamba, wanahangaika, mikia yao imekatika vipande. Ile mikia ndiyo inayowaokoa: popo akimrukia hupata mkia akakosa mwili.

"Unamwona huyu mnene?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Huyu ndiye bwana. Na hawa ni wanawake, wamekuja wenyewe. Tangu jana jioni hajatoka hapo alipo. Hakutuma mtu, hakupeleka salamu. Alikaa tu."

"Wamejuaje kwamba yuko hapa?"

"Heshima yake inanukia, jirani."

Nilitaka kumwambia kwamba kinachonukia hapo ni mafuta ya taa. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama nayo kabla, na nikaelewa jambo lote kwa mara moja. Alikuwa ananitaka. Alikuwa ananitaka kama nilivyomtaka, na alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, ameoga, amenyoa ndevu vizuri, ananingoja mimi niruke.

Nilirudi jikoni nikacheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikaunguza mahamri. Mwanamke wa kwetu haposi. Akitaka kufa kwa hamu atakufa, lakini posa hutoka kwa mwanamume, kwa mshenga, kwa heshima. Nilifanya yote yasiyo haramu. Nilihamisha karai langu upande wake wa uwanja. Alipoita kutoka kigodani kuomba moto, maana mtu huyo wa taa hakuwa na kiberiti nyumbani, nilimpelekea kaa la moto mimi mwenyewe. Hapo ndipo nilipozidi kuharibu, kwa sababu kila nilipomwendea yeye alihesabu kwamba dawa yake ya kukaa inafanya kazi.

Ndipo kaka akachoka na mvua zangu zisizopita. Alikuja mwenyewe kwa treni ya jioni, na kesho yake mchana ilikuwa turudi naye Mombasa. Alifunga godoro langu, akafunga masufuria, akaliweka karai juu. Mwasha Taa alikuwa kwenye kigoda akaona yote. Nikampelekea mahamri ya mwisho.

"Unasafiri, jirani?"

"Nasafirishwa."

Uso ukamkauka. Midomo ikataka kusema, ikasema lile neno ililolizoea. "Kaa kwanza."

"Nimekaa," nikamwambia. "Sasa treni haikai."

Asubuhi ile kofia yake ya viua ilikuwa imening'inia msumarini barazani, na tangu jana yake nondo mnene alikuwa ametua juu yake, kwa hiyo yeye alikuwa kichwa wazi, akingoja mgeni aondoke kwa hiari yake. Mama wa ndizi, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari ya yule bwana mnene, akaingia uwanjani, akautua mkungu, akasogea karibu na kofia, akainama.

"Mwasha Taa," akasema, na Voi nzima ilimsikia. "Kofia yako imetagwa."

"Imefanywa nini?"

"Mayai. Angalia, imejaa kwa hii matundu yote. Hii si bwana. Bwana gani anataga mayai?"

Niliacha masufuria nikaja mlangoni. Mwasha Taa alikuwa ameinama juu ya kofia, shingo yote imenyooka. Kila kiua kilikuwa na yai lake, dogo, jeupe-jeupe, limegandishwa vizuri. Nondo mnene alikuwa anaongeza jingine mbele ya macho yake. Wale wembamba wenye mikia iliyokatika walikuwa wametua ukutani, wamechoka.

"Kwa hiyo hawa waliokuja..." akasema.

"Ndiyo mabwana," akasema mama wa ndizi. "Wametoka mbali, popo amewakula mikia, na wamefika."

"Na aliyekaa..."

"Ni mama. Na wewe miaka yote umekaa pamoja na yeye."

Nimemwona mtu huyo katika vita, katika njaa na katika ugonjwa, na sijapata kumwona akishtuka kama siku ile. Kigoda kilianguka. Alivuka ule uwanja kwa mwendo ambao kinyonga angemwogopa yeye, halafu katikati akakumbuka adabu, akarudi nyuma akamwomba mama wa ndizi atangulie awe mshenga. Mama wa ndizi hakuwahi kufanya kazi hiyo, na dini yake ilikuwa nyingine, lakini alijitwika mkungu wake akaingia kwangu akauweka mbele ya kaka yangu.

"Nimeletwa na huyu," akasema. "Anataka dada yako. Ndizi ni yangu, lakini kula tu."

Kaka akamtazama Mwasha Taa aliyesimama mlangoni. "Unakuja kuposa kichwa wazi? Kofia yako iko wapi?"

"Ina mayai."

Kaka akaona amekutana na mwendawazimu, akasema kwa upole, "Kaa kwanza, bwana."

"La," akajibu Mwasha Taa. "Nimekaa vya kutosha."

"Na miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Akageuka akanyoosha kidole ng'ambo ya uwanja, kwenye kigoda kilichoanguka. "Pale," akasema.

Kaka akanitazama mimi. Msichana huulizwa akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali, lakini mwanamke aliyewahi kuolewa ni lazima aseme kwa ulimi wake. Nashukuru sheria hiyo ilivyo, kwa kuwa kunyamaza kusingeniwezekana. Nilisema ndiyo kabla kaka hajamaliza kuuliza. Treni ikaja ikaondoka, na godoro langu likabaki Voi. Tulioana Mwasha Taa akiwa amevaa kofia ya kaka, ambayo ilikuwa ndogo na ilimkaa utosini kama kisosi. Ya kwake aliitundika kwenye tawi la mng'ongo, na viwavi walipoanguliwa wakatambaa moja kwa moja mpaka kwenye majani yangu.

Macho yalimwisha uzeeni, kwa ule moshi wa taa nadhani. Stesheni ikapata mtu mwingine, na yeye akarudi kwenye kigoda chake, ambacho sasa kilikuwa barazani kwetu, na safari hii sikumlaumu. Mwaka ule mvua zilichelewa. Zilipokuja, jioni moja nilikuwa nakanda unga, nikamsikia ameinua kichwa.

"Kuna kitu kimepita usoni kwangu," akasema. "Chenye mkia."

Nikatazama. Alikuwa ukutani, wa kijani, mkamilifu, hajapata kukutana na popo.

"Ni yeye," nikamwambia.

"Anaruka au amekaa?"

"Amekaa."

Akatabasamu. "Basi ni mwanamke. Tusimsumbue, anangoja mtu."

"Angoje," nikasema, "lakini asingoje kama nilivyongoja mimi."

Alicheka mpaka akakohoa, akapapasa hewani akaupata mkono wangu wenye unga, akaushika, na hakuuachia mpaka adhana. Hiyo ndiyo iliyokuwa mvua yake ya mwisho. Namkumbuka sana, hata kule kujikwaa kwake kwenye ile ndoo.

Nilisema nitaeleza kwa nini simtaji. Kwetu mwanamke halitamki jina la mumewe. Wengine huliona jambo hilo zito, lakini mimi haki ya kutolitamka niliingoja miaka mingi, mlango kwa mlango, juani, na punje za viwavi kwenye unga. Sitaipoteza leo kwa ajili ya msomaji.